Kompyuta ya Chini ya Kitanda

Bwana Wagdi Shinnawi ni mtu mwema, na hilo naliweka mbele kabisa nisije nikaambiwa namsengenya. Haibi, hagombani na mtu, swala haimpiti, na akikukuta ngazini na mfuko wa nyanya atakupokonya akubebee mpaka mlangoni. Ana kasoro moja tu. Siku Mungu alipogawa uamuzi, yeye alikuwa bado anamuuliza aliye mbele yake kama foleni ile ndiyo yenyewe au kuna nyingine.

Kazi yake ilikuwa katika idara moja ya serikali inayoshughulika na mifereji ya maji. Faili likifika mezani kwake, aliandika pembeni "Tupate maoni ya wanaohusika," kisha akalisukuma meza ya pili. Meza ya pili nayo ikiandika hivyo hivyo, faili lilirudi, naye akaandika tena. Alistaafu kwa heshima zote, akapewa saa ya ukutani, na hakuna mfereji hata mmoja uliochimbwa wala kuzibwa kwa sahihi yake.

Mimi nakaa juu yao, ghorofa ya tano, hapa Shubra. Nilikuja Cairo nikiwa mke wa mwanafunzi wa Azhar. Mwanafunzi akafariki, nikabaki na cherehani na mwanangu Idrisa, na sasa Idrisa ana watoto wake na mimi bado nipo. Majirani wananiita Mama Idrisa na wamekwisha kusahau kwamba niliwahi kutoka mahali pengine. Jikoni kwangu na jikoni kwao tunachangia shimo moja la hewa, kwa hiyo habari zao nazipata zikiwa bado na mvuke.

Katika nyumba yao kulikuwa na kompyuta, imewekwa ukumbini kati ya jokofu na mlango wa choo. Ilinunuliwa wakati Radwa, binti yao wa pekee, yuko shule ya msingi, na ilikuwa ya kwanza jengo zima. Watu walipanda ngazi kuja kuitazama. Bi Inshirah, mkewe Bwana Wagdi, akaifumia kitambaa cheupe chenye mawaridi mekundu, akaitundikia na shanga ya buluu kwa ajili ya husuda. Husuda haikuipata, lakini uzee ulijua njia. Kufikia wakati ninaousimulia, ukiiwasha ulibandika chai, ukainywa, ukasuuza glasi, ndipo ikakubali kufunguka. Ubavu wake mmoja ulikuwa umetolewa, na feni ya kusimama ya nyumba nzima imeelekezwa humo, ipulize ndani moja kwa moja. Mwezi wa Agosti familia inatota jasho, na feni ni ya kompyuta.

"Ile ni mgonjwa," Bi Inshirah alikuwa akisema. "Sisi wazima tutavumilia."

Radwa akakua, akasoma, akatoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa majengo. Na uhandisi wa siku hizi si wa rula na penseli. Nyumba inachorwa ndani ya kompyuta, unaizungusha, unaingia mlangoni, unachungulia dirishani kabla hata tofali moja halijafyatuliwa. Kompyuta yao iliweza kuchora ukuta. Ukiongeza dirisha, inatafakari. Ukiongeza paa, inaganda, na ikiganda kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji.

"Baba," Radwa akamwambia mzee wake, "ama tuiongezee nguvu, ama tununue nyingine. Mimi lolote nakubali. Ila tufanye."

Maskini mtoto, alikuwa amempelekea Bwana Wagdi swali lenye majibu mawili.

Penye wengi hapaharibiki neno, akasema Bwana Wagdi, akaanza kuwatafuta wengi. Wa kwanza alikuwa Injinia Bahgat, mwenye kibanda cha ukarabati karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi. Uinjinia wake aliupata siku aliponunua bisibisi. Hapa kwetu mtu yeyote anayefungua kitu kwa bisibisi ni injinia, na Radwa mwenye shahada ukutani akaambiwa, "Binti yangu, mletee injinia chai."

Bahgat akaivua kompyuta mawaridi yake, akapuliza vumbi, akakohoa, akatikisa kichwa kwa mapenzi makubwa.

"Pasha, hii ni mashine ya asili. Chuma hiki hawatengenezi tena."

"Kwa hiyo unaonaje, tuiongezee?"

"Tunaiongezea memori. Na diski tunatoa hii kongwe, tunatia ya kisasa. Sasa, diski ya kisasa haielewani na ubao huu, kwa hiyo ubao tunabadilisha. Ubao mpya nao unataka umeme wa nguvu, tunabadilisha na kifaa cha umeme. Na kioo, kwa heshima yako, kioo hiki kinaua macho."

"Kinachobaki ni nini?" akauliza Radwa, sinia mkononi.

"Boksi," akasema Bahgat bila haya. "Boksi ni zima kabisa. Na mausi."

Bwana Wagdi akasema maneno hayo yana uzito, na mambo mazito hayataki pupa. Akamwendea wa pili, ambaye ni Mahrous, kaka wa Bi Inshirah. Mahrous aliwahi kufanya kazi Kuwait, na ingawa alirudi zamani, mdomo wake umebaki kule kule.

"Tupa!" akasema. "Kuwait vitu kama hivi vinaachwa kando ya barabara, paka wanazalia ndani. Nunua mpya."

"Ungekuwa wewe ungenunua?"

"Leo hii! Tena sasa hivi! Lakini si leo, shemeji. Bei za leo ni wazimu. Subiri dola itulie."

Basi tukasubiri dola itulie. Nasema tukasubiri, kwa sababu jengo zima lilihusishwa. Bwana Wagdi alimuuliza bawabu, akamuuliza muuza maharage, akamuuliza daktari wa meno akiwa kinywa wazi na mashine imo mdomoni. Mimi aliniuliza mara nyingi, na kila mara nilimjibu, "Muulize Radwa, ndiye anayeitumia." Alinitazama kama mtu aliyeambiwa amuulize mgonjwa ugonjwa wake ni upi.

Ngojangoja yaumiza matumbo. Ofisi moja ya wahandisi huko Giza ikampa Radwa jaribio, wapate kuona mkono wake. Akatuma nusu ya nyumba, kwa kuwa nusu ya pili iliganda. Wakamjibu kwa adabu, na kazi akapewa mwingine.

"Basi mwanangu," nilimsikia Bwana Wagdi akimtuliza jikoni, "haikuwa riziki yako."

Nilishindwa kujizuia. Nikaingiza kichwa kwenye shimo la hewa. "Riziki ilikuwa yake, Bwana Wagdi! Kompyuta ndiyo haikuwa!"

Halafu sauti ya Bi Inshirah ikapanda, "Mama Idrisa, chakula chako kinaungua," na kweli kilikuwa kinaungua.

Sasa Bi Inshirah yeye si mumewe. Huyo anaamua haraka, na anaamua kwa niaba ya kila mtu. Zamu yake ya mchezo wa kupeana pesa wa akina mama wa jengo ilipofika, hakuuliza mtu. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akapotea asubuhi nzima, akarudi na teksi, na bawabu akapandisha boksi kubwa jeupe lenye picha ya kompyuta mpya ubavuni. Vigelegele vikapigwa hadi kwangu. Nilishuka mbio. Radwa alikuwa amesimama ukumbini mikono mashavuni, anacheka na kulia. Bi Inshirah akalizungusha boksi chetezo cha ubani mara saba, akamsomea na Radwa mwenyewe kwa tahadhari. Radwa akamkumbatia mamake, akakimbia jikoni kuleta mkasi.

"Huo mkasi wa nini?" akauliza Bi Inshirah.

"Nafungua, mama."

"Unafungua nini, wewe una akili? Hivi ni vyombo vyako vya harusi!"

"Harusi gani? Mchumba yuko wapi?"

"Atakuja. Unataka aje akute boksi limepasuliwa? Watu waseme binti wa Inshirah kaolewa na mtumba?"

"Mama, mimi naihitaji sasa."

"Utaitumia kwako."

"Kwangu ni hapa."

"Kwako ni kwa mumeo. Hapa unapita tu. Lete huo mkasi. Akiba haiozi."

Na boksi likasukumwa chini ya kitanda. Kile kitanda mimi nakijua. Kimeinuliwa juu ya matofali manne manne kila mguu, hata kupanda unahitaji kigoda, kwa sababu chini yake ndiko anakoishi bibi harusi. Kuna mashine za juisi tatu, za aina tatu, zote hazijaona tunda. Kuna pasi, mataulo, sufuria zilizovishwa nailoni, vijiko dazeni kwa dazeni, mapazia ya madirisha ya nyumba isiyojulikana iko wapi. Kuna na deki ya kanda za video iliyonunuliwa Radwa akiwa mtoto mdogo. Dunia nzima imekwisha kusahau kanda za video, lakini deki bado inamsubiri bwana harusi.

Radwa akamgeukia babake. "Baba, sema neno."

Bwana Wagdi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa upande mmoja," akasema, "kitu ni cha Radwa. Kwa upande wa pili, ni cha Radwa wa baadaye. Pande zote zina hoja. Ngoja tumsikie Mahrous."

Mahrous akasikilizwa. "Msiiguse!" akasema kwenye simu, na sauti yake ikatufikia sote. "Kitu ukishakifungua kimeshuka thamani nusu. Kuwait hata majokofu..." Sikusubiri kusikia majokofu ya Kuwait yalifanya nini. Nilipanda kwangu.

Kwa hiyo nyumba ile ikawa na kompyuta mbili, moja haiwezi kazi na ya pili hairuhusiwi.

Miezi ikapita. Halafu ofisi nyingine ikamwita Radwa, hii ya Maadi, ofisi ndogo ya wanawake wawili wenye sifa nzuri. Walimwambia wazi: wamebaki wawili, yeye na kijana mmoja wa Mansoura. Kila mmoja achore nyumba ya familia kwenye kiwanja chembamba, ikamilike, ndani na nje, iwafikie kabla ya adhuhuri ya Alhamisi. Atakayewaridhisha ndiye atakayeajiriwa. Radwa alikuwa anaelekea miaka thelathini. Wenzake wa chuo walikuwa na majengo yao yamesimama mjini, naye alikuwa na shahada na sinia la chai.

Jumamosi jioni aligonga mlangoni kwangu. Halii. Anacheka, na kile kicheko sikukipenda.

"Shangazi, imetoa moshi."

"Ipi?"

"Ipi tena! Nimeweka paa, ikatoa moshi. Mama anasema niipumzishe mpaka Jumatatu. Baba amekwenda kumwita Bahgat."

Nilipatwa na hasira, nikakanyaga cherehani hadi sindano ikanichoma kidole. Mtoto anazama, na boya liko chini ya kitanda limefungwa utepe! Nikamuuliza mamake ana safari gani kesho. Akasema anakwenda Imbaba, kwa dadake, atoke asubuhi arudi magharibi.

"Basi kesho njoo na tenga la nguo," nikamwambia.

Siku ya pili tulilala kifudifudi chini ya kile kitanda, mimi na miaka yangu, tukalivuta boksi tukalilaza kichwa chini. Tulilifungulia chini, kule ambako hakuna anayetazama, na utepe wa juu tukauacha na ubikira wake. Tulipoitoa kompyuta, boksi likawa jepesi kupita kiasi. Radwa akaleta magazeti ya babake. Bwana Wagdi ana magazeti ya miaka, yamepangwa nyuma ya mlango, hajaamua kama ayatupe. Tukayajaza, tukafunga, tukalirudisha mahali pake pamoja na vumbi lake. Kompyuta ikaingia kwenye tenga, ikafunikwa mashuka.

Tukiwa ngazini nani anapanda? Bwana Wagdi.

"Lo, Mama Idrisa! Wanawake wazima mnabeba mzigo na mimi nipo?" Akatupokonya tenga. Akapanda nalo, anahema, anapumzika kila kona, mpaka sebuleni kwangu. "Mashuka yenu mazito hivi?"

"Yamelowa," nikasema.

"Basi yaanikeni mapema," akasema, akafuta jasho, akashuka zake.

Radwa alikaa kwangu siku zile mchana kutwa, na nyumbani walijua ananisaidia kushona magauni ya harusi ya watu, jambo ambalo lilimfurahisha sana mamake. Ile mashine mpya haikuwa na habari na paa. Uliiomba paa ikakupa paa, ukaiomba ngazi ikakupa ngazi. Mtoto yule niliyezoea kumwona amekunja uso akawa anaimba. Mimi namletea chai, nasimama nyuma yake naona kuta zinapanda, na moyo wangu unajaa kana kwamba nyumba ni yangu.

Jumatano ikaja balaa nyingine. Dada wa Imbaba alikuwa amempatia Radwa mchumba. Hatim, mhasibu, ana gari, ana fleti mahali pazuri, na anakuja kesho Alhamisi baada ya adhuhuri pamoja na mamake, Madam Tahiyya. Nyumba ikaoshwa mpaka kuta. Alhamisi Radwa alituma kazi yake saa tano na kitu, akafunga kompyuta, akaniambia, "Sasa chochote na kije," akashuka kwenda kuvaa gauni. Mimi nikashuka naye, kwa kuwa nilialikwa nikae kama jirani mwenye heshima, na kwa kuwa hata bila kualikwa ningekwenda.

Wageni wakaja na boksi la keki. Hatim alikuwa kijana mnene mpole, akakaa karibu na keki. Mamake alikuwa mwanamke wa kugonga meza kwa pete ili ajue ni mbao au karatasi ngumu. Hakukaa sana.

"Sisi watu wa wazi," akasema. "Fleti yetu imekamilika. Upande wenu mmefika wapi?"

Bi Inshirah alikuwa ameisubiri dakika hiyo tangu siku alipojifungua. Akamshika mkono, akampeleka chumbani, akainua pazia la kitanda kama anayefungua hazina ya mafarao. Vyote vikatolewa, kimoja kimoja, na Madam Tahiyya akavigonga kwa pete. Mwisho likaja boksi jeupe.

"Na kompyuta, mashallah! Ya aina gani?"

"Ya mwisho kabisa. Haijaguswa na mkono wa mtu."

"Tuione basi."

"Kuifungua, hajati, utepe..."

"Kwani utepe una nini? Mwanangu ni mtu wa hesabu, lazima tujue inamfaa. Nipe mkasi."

Radwa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la sharubati, na sinia halikutikisika. Madam Tahiyya akakata utepe mwenyewe, akaingiza mkono, akatoa gazeti. Akatoa la pili. Akalifungua, akasoma habari ya waziri aliyekwisha kufa.

"Hii ndiyo ya mwisho kabisa?" akauliza.

Bi Inshirah akapiga ukelele uliomwamsha bawabu chini. "Wezi! Tumeibiwa! Wagdi! Tumeibiwa!"

"Hatujaibiwa, mama," akasema Radwa. "Iko juu kwa Mama Idrisa. Nimeifanyia kazi."

"Umei-nini?"

"Imetumika," akasema Madam Tahiyya, na neno hilo alilitamka kana kwamba halikuhusu kompyuta peke yake. Akamgeukia Bwana Wagdi. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Vyombo vinatoka hivi hivi, mnatuonyesha magazeti? Ulijua au hukujua?"

Wote tukamtazama. Bwana Wagdi akavua miwani. Akaanza, "Kwa upande mmoja..." akanyamaza. Nilimwona akilitazama boksi, kisha mimi, kisha bega lake mwenyewe, na nikajua amekumbuka lile tenga. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwake. Angesema hakujua, na ingekuwa kweli, na lawama ingetuangukia sisi wawili.

"Niliipandisha mimi," akasema. "Kwa mikono yangu. Radwa, kazi umetuma?"

"Nimetuma, baba."

"Imekamilika?"

"Na paa."

Akavaa miwani. "Basi hajati, ni kweli, imetumika. Na itaendelea kutumika."

Hakumuuliza mtu. Nimeishi chini ya paa moja na bwana huyu nusu ya umri wangu, na ndiyo mara ya kwanza namsikia akimaliza sentensi bila kumtafuta Mahrous kwa macho. Nilitaka kupiga kigelegele, ila kwa hali ya Bi Inshirah nikajizuia.

Madam Tahiyya akajifunga mtandio. Hatim, maskini, alikuwa bado ana sahani, akamuuliza Radwa kwa sauti ya chini, "Ina memori kiasi gani?" na mamake akamfinya mkono hadi akasimama. Walipotoka, yule mama alirudi mara moja tu, kuchukua boksi lake la keki.

Bi Inshirah akaninunia, akamnunia mumewe, akamnunia binti yake. Shimo la hewa likawa halina habari isipokuwa kelele za sufuria zikibamizwa. Jumapili majibu ya Maadi yakaja, na ni Radwa aliyechukuliwa. Bwana Wagdi alinipandishia habari mwenyewe, ngazi mbili mbili, akafika hana pumzi. Bi Inshirah aliposikia alisema, "Vizuri," akaendelea kumenya vitunguu. Ile kompyuta kongwe, mkiuliza, bado ipo kati ya jokofu na choo. Bwana Wagdi anashauriana na watu kama aiuze au ampe Bahgat boksi na mausi. Ushujaa nao una mipaka.

Wiki ya tatu hivi, asubuhi, mlango wangu ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa Bi Inshirah, amevaa viatu vyake vya kutokea kwa ajili ya kupanda ngazi za ghorofa moja.

"Nimekuja kuangalia mali yangu," akasema, hata salamu hakunipa.

Nikampisha. Radwa alikuwa ndani, anafanya kazi ya Maadi kwenye ile kompyuta, ambayo ilikuwa bado kwangu, na ile meza yangu ya kukatia nguo imejaa karatasi zake. Alimsogezea mamake kiti. Bi Inshirah akakagua kompyuta mbele na nyuma, akapitisha kidole kutafuta vumbi, akalikosa. Kisha macho yake yakaenda kwenye kioo. Kulikuwa na nyumba, ndefu nyembamba, ya ghorofa mbili. Radwa akaizungusha taratibu. Wakaingia mlangoni, wakapita ukumbini, wakafika jikoni.

"Jikoni hii mbona dirisha lake kubwa hivi?"

"Anayepika aone nje, mama."

Bi Inshirah, ambaye miaka yote amepika akitazama shimo la hewa na kichwa changu, akalitazama lile dirisha muda mrefu.

"Nyumba ya nani?"

"Ya mtu mmoja wa Fayoum. Ana mke na watoto. Wanaanza kujenga mwezi ujao."

"Watakaa humu? Watu wa kweli?"

"Watu wa kweli."

"Na umeichora wewe."

"Mimi, mama."

Nilidhani atagomba, nikajiandaa kumjibu, maana maneno nilikuwa nimeyaweka tayari tangu ile Alhamisi. Lakini Bi Inshirah hakuwa ananikumbuka kama nipo. Alinyoosha mkono akamgusa binti yake begani, kidogo tu, kama anayejaribu pasi kama imepata moto.

"Na mimi miaka yote hii," akasema, "nakununulia vijiko."